Stima ya Moshi, Stima ya Taa

Kwetu sisi tuliokulia landi, stima ilikuwa moshi na maji yanayochemka. Landi ni zile nyumba za safu moja ambazo reli iliwajengea wafanyakazi wake, chumba kwa chumba, na pale Nakuru zilikuwa karibu sana na karakana, hata nguo zilizoanikwa asubuhi zilianuliwa jioni zikiwa na madoa ya masizi. Injini ilikuwa na stima au haikuwa na stima. Ikikwama mlimani kuelekea Mau, tulisema imepoteza stima. Baba yangu mdogo, aliyenilea baada ya baba kufariki, alikuwa fayamani, mtu wa kutia makaa kwenye injini, na hata njaa yake aliipima hivyo hivyo. Akirudi kutoka safari ya Kisumu aliketi kwenye stuli mlangoni na kumwambia mkewe, "Mama, tia makaa, stima imeshuka," na mama alijua ni wakati wa kusonga ugali.

Mjini, ng'ambo ya reli, neno hilo lilikuwa limeshahamia kwingine. Huko stima ilikuwa taa. Tajiri wa duka nililokuja kuajiriwa alinung'unika kwamba stima imekatika, na hoteli moja ilisifiwa kuwa na stima hadi chooni. Nilizisikia maana zote mbili kila siku, nikivuka reli asubuhi na jioni, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja zingegongana, na kwamba mimi ndiye ningekuwa katikati.

Nilipomaliza kidato cha pili nilikwenda kuomba kazi ya reli, maana nyumbani hakuna aliyefikiria kazi nyingine. Daktari akanionyesha kitabu chenye nukta za rangi, akaniuliza naona tarakimu gani. Sikuona tarakimu yoyote. Kumbe macho yangu hayatenganishi vizuri nyekundu na kijani, nami nilikuwa nimefika umri ule nikidhani watu huijua nyanya mbivu kwa kuibonyeza. Mtu wa namna hiyo hapewi injini, wala hapewi bendera. Nikapata kazi katika duka la vyuma, kuuza misumari, bawaba, mabomba na mafuta ya mashine. Lakini masikio yangu yalibaki reli. Hadi leo, na nimeishi miji mingi tangu wakati ule, Eldoret, Kampala, Tabora, Mombasa na kurudi, nikifika mahali pageni huuliza kwanza kituo cha treni kiko upande gani. Siku hizi injini zinakunywa dizeli na hazina harufu ya kumfanya mtu asimame barabarani.

Basi niliamua kwamba kama siwezi kuipanda injini, nitaiweka mezani.

Sikuwa na wa kunifundisha. Nilikuwa na macho ya mtoto wa landi, aliyeona injini zikifunguliwa na kufungwa tangu anatambaa, na nilikuwa na duka. Boila niliitengeneza kwa kipande cha bomba la shaba nyekundu, nene kama mkono wa mtu, kilichotoka kwenye tangi la maji moto lililouzwa kama chuma chakavu. Kuziba ncha zake ilikuwa kazi ya sonara, kwa sababu lehemu ya kawaida ya risasi huyeyuka maji yakipungua, na lehemu ya fedha ndiyo inayovumilia moto. Sonara aliligeuza lile bomba mara kadhaa na kuniuliza huyo bibi ninayemtengenezea bangili ana mkono wa namna gani. Silinda ilikuwa bomba la shaba nyeupe, fupi kama kidole gumba. Pistoni niliipiga tupa jioni baada ya jioni, nikiipima kwa kuisukuma ndani ya silinda na kusikiliza kama hewa inapita. Sikuweka valvu. Silinda yenyewe ilibembea juu ya msumari wake, ikiinama huku inapokea mvuke, ikiinama kule inautoa. Ni mpango rahisi, wa mtu asiye na vyombo.

Nilikosa gurudumu. Siku moja alikuja dukani msichana kununua mafuta ya cherehani. Alikuwa akijifunza ushonaji kwenye baraza iliyotazamana na duka letu, naye aliishi kwa shangazi yake mjini. Nilikuwa nimechora duara kwenye karatasi ya kufungia misumari, na akauliza hilo ni sufuria au ni nini. Nikamweleza. Alisikiliza, akalipia mafuta yake, akaenda. Baada ya siku chache alirudi na gurudumu la cherehani iliyokufa, lile la kuzungusha kwa mkono, zito, lenye mfereji wa mkanda, akaliweka juu ya kaunta.

"Usije ukafungua ushonaji sasa," alisema.

Injini ilizunguka mara ya kwanza siku ya Jumapili baada ya kanisa, nyuma ya nyumba yetu, juu ya kigae, kwa moto wa spiriti. Nilitia maji ya mvua, kwa kuwa maji ya mfereji ya Nakuru huacha ukoko mweupe hata kwenye birika la chai. Baba mdogo alisimama akiwa na kikombe mkononi. Alisema yeye reli inamlipa kukaa karibu na moto, na mimi nakaa karibu nao bure. Kisha akainama, akatega sikio. "Inakohoa upande mmoja," akasema, na alikuwa sahihi, tundu moja lilikuwa limekaa chini kidogo. Tangu siku hiyo majirani walikuja kila jioni. Injini haikuvuta kitu wala kusaga kitu. Ilizunguka tu, silinda ikiinama na kuinuka, na mvuke ukitoka kwa pumzi fupi fupi. Sijui kama nimewahi kupenda kitu kingine kwa namna ile, isipokuwa aliyeleta gurudumu.

Msichana yule alikuwa wa kwetu, magharibi, ila wa ukoo mwingine. Baba yake alikuja bondeni kutafuta kazi kabla ya vita, na sasa alikuwa nyapara wa ng'ombe kwenye shamba la Mzungu karibu na Elmenteita. Tulipokubaliana, baba mdogo alikwenda kuniombea. Mimi sikwenda, maana kijana hakai pale anapozungumzwa. Aliporudi aliniambia kila kitu, akiwa amekaa kwenye stuli yake ya mlangoni, na furaha yake ilikuwa kubwa.

Mzee aliuliza kijana ana nini. Baba mdogo akajibu kwamba ana kazi ya duka, ana afya, na ana stima yake.

"Yake mwenyewe?" mzee aliuliza.

Yake, aliyoitengeneza kwa mikono yake. Ina gurudumu. Inanguruma mpaka majirani wanakuja.

Mzee alikiweka kikombe chake chini. Kisha akasema kijana aje na stima hiyo, watu waione, na mengine yatafuata.

"Ameshikwa," baba mdogo aliniambia. "Hata chai yake ilipoa."

Kitu ambacho hatukujua ni hiki. Kwenye shamba lile, nyumba ya bwana ilikuwa na mashine yake ya umeme katika kibanda nyuma ya zizi. Jioni ilipoingia, mashine ilianza kunguruma, na madirisha ya bwana yakawaka. Wafanyakazi waliiita stima. Kwa miaka mingi mzee aliisikia kutoka nyumbani kwake, akiwa amekaa na kibatari, naye alijua vizuri jinsi stima inavyokuwa: ina gurudumu, inanguruma, na mwenye nayo hasomi Biblia kwa kibatari. Kila neno la baba mdogo lilikuwa kweli, na kila neno lilimjengea mzee picha ya kibanda kile.

Tulikwenda Jumamosi kwa treni, injini ikiwa ndani ya sanduku la sabuni. Ilikuwa miaka ya Imajensi, ile hali ya hatari ya serikali ya kikoloni, na askari aliyekuwa stesheni alitufungulisha sanduku. Alitazama mabomba, akazungusha gurudumu kwa kidole, akanusa.

"Hii ni ya nini?"

"Ya harusi," baba mdogo akasema.

Askari alitutazama mmoja mmoja, kisha akatuambia tuifunge vizuri isije ikamwagika.

Mbele ya nyumba ya mzee palikuwa na nguzo mpya ya mtarakwa, gome limebanduliwa, nyeupe na ndefu kuliko paa. Kutoka kichwani mwa nguzo, waya wa ua ulinyooshwa hadi chini ya nyasi za paa. Baba mdogo aliitazama akasema watu hawa wanaanika nguo juu sana. Mimi nilikuwa nimeshaingia mlangoni. Ndani, katikati ya chumba, kutoka kwenye boriti, palining'inia balbu kubwa iliyofungwa kwa kamba. Ilikuwa balbu iliyoungua, iliyotupwa na nyumba ya bwana, imepanguswa hadi inang'aa. Chini yake palikuwa na meza, na juu ya meza Biblia, imefunguliwa tayari.

Hapo ndipo nilipoelewa.

Nilijaribu kumwita mzee pembeni. Alikuwa mtu mrefu, amevaa koti la jeshi lililofungwa vifungo vyote, na alinishika bega kwa upole akasema baadaye, watu wamekaa muda mrefu. Walikuwa wamejaa: wakamuaji na wake zao, wazee wa kanisa, na bibi mmoja mkongwe ambaye wote walimwita kukhu, yaani nyanya, aliyekuwa amepewa kiti karibu na meza. Mzee akasimama mbele yao.

"Nilisema nyumba hii itapata stima kabla sijafa," alisema. "Mkacheka. Mmeshiba kucheka?"

Walicheka tena, lakini kwa heshima.

Nikawasha. Sikujua la kufanya ila hilo. Maji yalichemka, nikalisukuma gurudumu kwa kidole, na injini ikashika. Nasema kweli, haikuwahi kwenda vizuri kama siku ile. Haikukohoa. Silinda iliinama na kuinuka laini kama mtu anayeitikia salamu. Nami nikainua macho nione kama wameipenda.

Hakuna aliyekuwa akiitazama. Chumba kizima kilikuwa kimeinua nyuso juu, wanaume, wanawake, watoto mgongoni, wote wakiitazama balbu. Walingoja kwa adabu. Injini ilizunguka chini ya pua zao, na wao waliangalia boriti.

"Hiyo kitu inasaga," kukhu akasema baada ya muda. "Inasaga nini?"

"Ngoja, kukhu. Haijafika juu," mtu akamjibu.

Baba mdogo aliniinamia sikioni. "Wanatazama nini?"

"Taa, baba. Walitaka taa."

Akatazama juu, akaiona balbu, akavua kofia yake polepole kama mtu aliyeingia kwenye matanga.

Mzee naye hakuwa mjinga. Alinitazama, nikatikisa kichwa kidogo, tena kidogo sana. Uso wake haukubadilika. Aliinuka akawaambia watu kwamba wameona moto umeshika, na kwamba stima ya taa huanza na moto, taa yenyewe ni siku nyingine, na sasa kina mama walete chai. Mtu mmoja nyuma alikohoa, na kikohozi chake kilikuwa na kicheko ndani.

Baada ya chai alitupeleka hadi kwenye zizi, baba mdogo na mimi. Nikamweleza yote: stima ya moshi, stima ya taa, landi na mjini. Baba mdogo aliapa kwamba yeye tangu azaliwe hajawahi kuiita taa stima. Mzee alisikiliza akiwa ameegemea ua, mkono wake ukiwa kwenye paji la ng'ombe.

"Mimi ni nyapara," alisema. "Nikisema amkeni, watu wanaamka. Leo nimewaambia uongo. Sijui kama uliniletea wewe au nilijiletea mwenyewe. Lakini uko nje sasa, na hauna mwenyewe. Kijana, uondoe."

Baba mdogo akauliza kwa sauti ndogo, na binti je?

"Binti yangu hatatoka nyumba yenye ile kitu mlangoni bila taa ndani," mzee akasema, na akaonyesha nguzo kwa kidevu.

Treni ilikuwa imetupita. Tulipata lori lililobeba magunia ya udongo mweupe kutoka machimboni Kariandusi, udongo mwepesi kama unga, unaoingia puani na kwenye nyusi. Tulikaa juu ya magunia, sanduku katikati yetu. Tulipofika Mbaruk, dereva alisimama, akapanda nyuma, akachimba kwa mkono kwenye gunia lililokuwa wazi, akatoa chupa ya chai. Alikuwa ameizika asubuhi. Alitumiminia, na ile chai ikaniunguza ulimi.

"Huu udongo hauchagui," alisema. "Ukiweka moto, unakaa na moto. Ukiweka baridi, unakaa na baridi."

Tulipofika landi tukiwa weupe kuanzia nywele hadi viatu, jirani yetu alisimama mlangoni akamwamkia baba mdogo kwa Kiingereza na kumuuliza memsahib amebaki wapi. Baba mdogo hakucheka. Mimi nilikuwa na kofia yangu imejaa ule udongo, niliouomba kwa dereva, na nilikuwa naufikiria.

Tatizo lilikuwa rahisi kulieleza: kupata taa kutoka kwenye mvuke. Dukani tuliuza dainamo za baiskeli, zile chupa ndogo zinazosuguana na tairi na kuwasha taa ya mbele. Nilinunua moja, nikaifunga kwenye ubao pamoja na injini, nikaiunganisha na gurudumu kwa mkanda. Injini ikashika vizuri. Mara dainamo ilipoanza kuuma, gurudumu lilisimama kama ng'ombe aliyeona daraja. Nikabadilisha moto wa spiriti kwa stovu ya mafuta ya taa, ya kupampu. Likazunguka, likachoka. Nikakoroga udongo wa Kariandusi kwa maji, nikaipaka boila kama unavyokandika nyumba, nikaivisha kitambaa cha gunia la unga na kuifunga kwa waya. Ilifanana na mguu wa mtu aliyevunjika. Lakini moto ulikaa ndani, mvuke ukapata nguvu, na dainamo ikazunguka bila kusimama. Taa ya baiskeli ikaona haya kidogo, rangi ya kaa linalokufa, basi. Hapo ndipo nilipokwama, wiki baada ya wiki. Nilikuwa nikiota mashine ya bwana.

Yule msichana alipita jioni moja kuleta mkanda wa ngozi wa cherehani, kwa kuwa wangu ulikuwa wa kamba na uliteleza. Tangu Jumamosi ile alikuwa hasemi mengi. Alijua baba yake hasemi jambo mara mbili. Alitazama taa ya baiskeli ikijaribu kuwaka.

"Baba alisema anataka kubwa?" akauliza.

"Hakusema."

"Sasa wewe unatafuta kubwa ya nini?"

Kesho yake dukani alinyoosha mkono juu ya kaunta, akachukua kutoka kwenye bakuli balbu moja ya tochi, ndogo kama punje ya mahindi, akaishika mbele ya jicho langu. Nilikuwa nikiziuza kila siku.

Ya kwanza niliiunguza kwa tamaa. Ilimeta nyeupe kama radi, ikafa. Baada ya hapo kazi iligeuka. Wiki zote zile nilikuwa nikiomba mvuke uongezeke, na sasa nilijifunza kuuzuia, nikipunguza pampu, nikisikiliza mwendo. Baba mdogo alinisaidia kwa sikio lake. Alikaa amefumba macho na kusema, "Hapo. Hapo. Usimguse."

Tulirudi Elmenteita mwanzoni mwa kiangazi. Mzee alikuwa amewaita walewale, bila kumwacha mtu, hasa yule aliyekohoa. Hawakuruhusiwa kukusanyika jioni siku zile, kwa hiyo ilikuwa mchana, na mzee aliziba dirisha kwa blanketi ili giza lipatikane. Nilipotaka kuweka injini juu ya meza, alikataa.

"Stima hupita juu," alisema. "Watu wameiona nguzo. Ipite kwenye nguzo."

Basi niliiweka injini nje, chini ya nguzo, na nikapandisha waya mwembamba wa kengele niliokuja nao, nyuzi mbili zilizosokotwa, kando ya ule waya wa ua hadi ndani, hadi kwenye boriti, pale palipokuwa na balbu kubwa. Ile kubwa mzee alikuwa ameitoa mwenyewe. Balbu ya tochi ilining'inia mahali pake kama mdudu. Watu wakaingia, mlango ukafungwa, nami nikabaki uani na baba mdogo na stovu inayovuma. Kwa hiyo sikuona lolote. Yule msichana alisimama mlangoni, kichwa kikiwa ndani na mkono ukiwa nje, na huo mkono ndio ulionipa habari.

Maji yalichemka. Nikalisukuma gurudumu. Mkanda ukashika, dainamo ikaanza kulia kwa sauti yake nyembamba. Mkono wa yule msichana ukapunga.

"Ongeza," akasema.

Nikapampu. Injini ilivuta pumzi.

"Ongeza tena. Pole pole. Ongeza." Kisha mkono ukafunguka wote, vidole vitano. "Acha hapo. Inawaka."

Nilisikia kwanza watoto, halafu minong'ono ya wakubwa, halafu sauti ya kukhu ikiwapita wote. Alisema hiyo ni stima ya panya.

"Panya naye ana macho," mzee akamjibu, na nyumba nzima ikacheka, na hata mimi niliyekuwa nje nilijua kwamba safari hii hawamcheki yeye.

Akaamuru wanyamaze. Alianza kusoma. Sauti yake ilikuja polepole, kama ya mtu anayefuata maneno kwa kidole, na nikaelewa kwamba ameinua Biblia hadi karibu na boriti. Niliishika pampu bila kuipumzisha, macho yangu kwenye kioo kidogo cha kupimia maji. Maji yalikuwa yakishuka. Boila ile ilikuwa ndogo, na hakukuwa na njia ya kuiongezea ikiwa moto. Baba mdogo aliyaona maji nami niliyaona. Nilizima stovu kabla shaba haijaungua. Gurudumu liliendelea kidogo kwa uzito wake, kisha likalegea.

Mzee hakuacha kusoma. Yule msichana aliniambia baadaye kwamba taa ilipozima alishusha Biblia, akaifunga, akaendelea gizani hadi mwisho wa sura, kwa kuwa alikuwa ameihifadhi tangu zamani, na hakuna mtu aliyesogea.

Mlango ulipofunguliwa walitoka wakijikinga jua kwa viganja. Yule aliyekohoa alikuja kunishika mkono. Mzee alitoka wa mwisho. Alisimama karibu na nguzo, akaigonga kwa kiganja mara moja.

"Mkwe," alimwambia baba mdogo, "hii kitu ing'olewe, ng'ombe watajikuna hapa mpaka iangukie nyumba."

Baba mdogo alilisikia neno lile la kwanza. Alivaa kofia yake vizuri, akasema ndiyo, mkwe, itang'olewa leo, na wakaenda pamoja kuelekea kwenye viti, wazee wengine wakiwafuata. Yalikuwepo mengi ya kuzungumza, nami sikutakiwa kuyasikia.

Nilikuwa nafungua mkanda wa dainamo nilipoona viatu vya mzee mbele yangu. Alikuwa amewaacha wazee akarudi. Alichuchumaa mbele ya injini, koti lake likigusa vumbi.

"Washa tena," akasema. "Bila waya."

Nikamwambia boila lazima ipoe kwanza, ndipo nitie maji. Akasema atangoja. Tulingoja. Ilipopoa, alichukua kopo la maji ya mvua akayamimina mwenyewe, polepole, asimwage hata tone. Nikawasha. Bila dainamo gurudumu lilikuwa jepesi, na injini ikaondoka kwa mwendo wake wa zamani, silinda ikiinama huku na kule, mvuke ukitoka kwa pumzi fupi. Upande wa viti wazee walikuwa wakimwita, na mmoja alisema chai inapoa. Hakuitika. Alikuwa ameinama hadi uso wake ukapata unyevu.

"Kumbe inatikisa kichwa," alisema. "Siku ile sikuiona."